Usingizi wa Daraja la Kwanza

Siku ya Jumatatu, mji wa Likasi ulijulishwa kwamba tangu asubuhi hiyo umeingia katika safu ya mbele ya mataifa. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mji: «Imeundwa Huduma ya Kudumu ya Usingizi wa Watoto Wachanga Wanaosafiri kwa Ndege za Masafa Marefu, Daraja la Kwanza. Wananchi wote wanaombwa kushirikiana, hasa wale wenye safari.» Lilibandikwa kwa uji wa unga, maana gundi ilikuwa haijaonekana mjini tangu mwaka 1991, na kufikia mchana kuku walikuwa wameshakula aya ya pili.

Mwenye safari alikuwa mmoja. Naye ni Mkurugenzi Godefroid mwenyewe, aliyeiunda Huduma, akaiongoza, na akaipongeza kwa barua.

Wengine wa Likasi, wakisafiri, walipanda lori la makaa mpaka Kapolowe, juu ya mizigo, na watoto wao walilala njia nzima bila huduma yoyote. Ofisini jambo hilo liliitwa ushindani usio halali.

Casimir aliteuliwa kuwa Msaidizi wa Pili wa Usingizi. Msaidizi wa Kwanza hakuwapo, lakini nafasi yake iliheshimiwa. Kabla ya hapo Casimir alikuwa katika huduma ya taa za barabarani, iliyolala yenyewe kwa kukosa taa. Mshahara ulikuwa umesahaulika. Kilichobaki ni mfuko mmoja wa unga kila mwisho wa mwezi, na nyumbani kwa Casimir mfuko huo ulingojewa na midomo sita. Kwa hiyo, alipoitwa kwa Mkurugenzi, alikwenda mbio.

«Casimir, siku ya ine minye naenda Bruxelles. Kuko mukutano mukubwa. Madame ameshatangulia, juu ya maduka. Nitapanda ndege na Steve, shiye babili tu, na atalala masaa munane bila kulia. Dunia itaona méthode ya Likasi.»

«Ni méthode gani, patron?»

«Ile njo kazi yako.»

«Na akilia?»

«Akilia, utarudia ku service ya taa.»

«Lakini kule hakuna tena kazi, patron. Hakuna ata unga.»

«Njo kule utakaa.»

Steve, mtoto wa Mkurugenzi, alikuwa na mwaka mmoja na nusu na mapafu ya mtu mzima. Tangu king'ora cha kiwanda kinyamaze, mtaa mzima ulikuwa ukijua saa ya kuamka kwa kilio chake. Pia saa ya kutolala.

Jumanne majaribio yakaanza. Katika ofisi namba tatu ikajengwa kabini: viti viwili vya mahameli kutoka sebuleni kwa Mkurugenzi, pazia, na dirisha la katoni lililochorwa mawingu. Martine, karani wa mapokezi, alivishwa skafu shingoni akapita na sinia la juisi akisema «bonsoir, monsieur», yaani habari za jioni, saa nne asubuhi. Casimir alimsomea mtoto maagizo ya kufunga mkanda. Steve alitupa juisi, akatupa kiatu, akatoboa mawingu, kisha akalia mpaka saa kumi bila kupumzika. Ripoti ya siku hiyo, iliyoandikwa na Casimir, ilisema: «Mtoto ameonyesha nia njema. Usingizi uko katika hatua ya mashauriano.»

Nyumbani, mke wake Alphonsine alimsikiliza huku akisonga bukari, na Jeancy, kitinda mimba wao, amelala mgongoni mwake, kichwa kikicheza kwa kila mzunguko wa mwiko.

«Baba Jeancy, ulishaona wapi mutoto anafundishwa kulala mu kiti?»

«Mu première classe balalaka mu kiti.»

«Basi njo mana balilaka. Kesho kuya ku mashine kwa baba Édouard. Uhesabie minye batoto benye kulia kule.»

Kesho yake Casimir alikwenda na daftari. Mashine ya baba Édouard ya kusaga mahindi ilikuwa ikinguruma mpaka ukuta unatikisika. Mlangoni wanawake arobaini walisimama kwenye mstari na mabeseni yao, na migongoni mwao watoto, kila mmoja amefungwa kikwembe. Hakuna aliyelia. Casimir akaandika kitaalamu: «Mngurumo: kama wa ndege. Mtikisiko: kama wa ndege. Mawingu meupe: mengi kuliko ya ndege.»

Wakamleta Steve. Alphonsine, naye akiwa mstarini, akamtupa mgongoni, akafunga kikwembe, akasogea na mstari hatua tatu. Steve akafungua mdomo, akausahau wazi, akalala.

Mkurugenzi akaitwa. Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, akamgusa shavu.

«Eko mugonjwa?»

«Hapana, patron,» Casimir akasema. «Njo kulala.»

«Muzuri. Andika: méthode imepatikana. Mama Alphonsine, funga mizigo.»

«Pasipoti ya kwangu iko wapi, patron? Na tiketi? Ulisema muko babili,» Alphonsine akajibu. «Mugongo itatoka kwa weye.»

Hivyo ndivyo Alhamisi, ile siku ya ine, saa mbili asubuhi, masaa mawili kabla ya jeep kuondoka kwenda uwanja wa ndege wa Lubumbashi, Mkurugenzi alifika kwenye mashine kwa mazoezi ya mwisho, amevaa suti ya bluu, tai, na juu yake kikwembe cha Alphonsine chenye picha za samaki. Steve alifungwa barabara. Mkurugenzi akaelekea moja kwa moja mbele, karibu na injini.

«Patron, unapita wapi?» mwanamke mmoja mstarini akauliza. «Mulongo inaanzia kule.»

«Minye ni Directeur.»

«Na minye ni Orpa. Niko hapa tangu saa kumi na moja.»

Mkurugenzi akavuta pumzi ili ajibu kwa cheo chake chote. Steve akafungua jicho moja. Mkurugenzi akaitoa pumzi taratibu, akaenda nyuma.

Mstari ukasogea hatua mbili, Steve akazama usingizini. Asubuhi nzima ilikuwa hivyo: baba akisogea na mstari, mtoto analala, baba akitoka kuelekea jeep, mtoto anaanza kukusanya pumzi.

«Acha azame vizuri,» Mkurugenzi akamnong'oneza dereva. «Kidogo tu.»

Saa nne. Saa tano. Dereva akapiga honi mara moja, na wanawake arobaini wakamgeukia. Hakupiga tena.

Casimir akasogea na karatasi mbili za kusaini.

«Patron, hii ni bon ya kupata unga. Na hii ni ya kusema niko agent wa kudumu.»

Mkurugenzi akakunja uso. Alikuwa na maneno mengi, mengine ya Kifaransa, na yote yalihitaji sauti. Steve akajikunyata mgongoni. Mkurugenzi akasaini zote mbili juu ya ukingo wa beseni la Orpa, aliyekuwa akitoka na unga wake.

«Aksanti, patron,» Casimir akasema.

«Unaikamata muzuri, mugongo,» Orpa akasema. «Ila usinyooke.»

Saa nane ndege ikapita juu, nyeupe, ikielekea kaskazini. Mstari mzima ukatazama angani.

«Njo ya kwako ile?» mwanamke wa mbele yake akauliza.

«Sema polepole,» Mkurugenzi akanong'ona. Hakuinua kichwa.

Saa tisa hivi akafika mbele. Baba Édouard, mweupe kwa unga mpaka kwenye nyusi, alinyoosha mikono bila kumtazama.

«Mahindi.»

«Sina.»

«Sasa unafwata nini hapa, mama?» Baba Édouard akainua macho, akaona tai, akaona samaki, akaona mtoto anayekoroma. Hakubadilisha neno. «Enda utafute mahindi. Ukirudi, mulongo inaanzia kule.»

Mkurugenzi akageuka polepole, magoti yamekunjwa, akaenda kule.