Kipande Changu, Chupa ya Shemeji

Jumatatu, tarehe 3
Nina miaka themanini na moja. Nimezika madaktari watatu, na jeneza nililojinunulia limeliwa na mchwa mimi nikiwa mzima. Leo nimekatwa kipande cha uvimbe tumboni. Shemeji, mdogo wa kike wa marehemu mke wangu, kitanda cha pili katika wodi hii ya utafiti ya wake kwa waume, naye kakatwa. Binti mtafiti kaeleza. Changu kitagandishwa, kisomwe vinasaba kama kilivyo, wanichagulie dawa. Nyama iliyotoka mwilini haidanganyi, anasema. Seli zikikaa sana chupani hubadilika tabia. Cha shemeji kitaoteshwa chupani, wajaribie dawa zake humo. Seli zikikubali huzaana bila kikomo.

Bila kikomo! Shemeji! Mtu anayelia akiona sindano! Kanicheka: eti shemeji, nenda kwenye barafu na samaki wenzako.

Nesi katoka kupokea simu. Vichupa viwili mezani. Nikashika mkongojo. Vibandiko vya majina vinabanduka kama ganda la ndizi!

Jumatatu, tarehe 17
Binti kaja kwa shemeji, sauti chini. Seli zake zimekufa zote. Hakuna pa kujaribia dawa. Shemeji hakutania. Kageukia ukuta, mabega yanatikisika.

Zilizokufa ni zangu. Haiwezekani! Chupa haikuoshwa vizuri. Chakula kimenishinda.

Jumanne, tarehe 18
Dawa yangu imefika. Imechaguliwa kwa nyama ya shemeji! Nesi kafunga mpira mkononi, anatafuta mshipa. Nikasema mkono umekufa ganzi, nikaukalia. Kaomba wa pili. Nikaukalia nao. Jasho! Nesi kaita wenzake wanishike.

Ndipo binti kaingia mbio: simamisheni dawa! Kipande cha mzee kinasomeka ni cha mwanamke.

Nikasema ujanani nilikuwa laini sana.

Shemeji kaketi taratibu, kanitazama. Kwa hiyo shemeji, zilizokufa ni zako? Kacheka mpaka kitanda kikalia.

Jumatano, tarehe 19
Tumekatwa upya, wote wawili. Changu barafuni tena! Safari hii majina yameandikwa kwa wino kwenye vichupa vyenyewe. Wanajiona wajanja. Vifuniko si vinafunguka?

Nesi katoka, simu tena. Meza ile pale. Mimi nimekwama kitandani. Asiyeamini haya amuulize shemeji: ameukalia mkongojo wangu tangu asubuhi, na hata chooni kakataa kwenda.