Chumvi ya Chakula Kilichopoa

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tangu alfajiri. Studio inanuka rangi mbichi na vitunguu vya jana. Tumebaki wapishi wanne katika shindano, na wawili kati yetu tumetoka jiko moja la hoteli: mimi na wifi yangu, mke wa kaka. Mpishi mkuu wetu anastaafu. Meneja ametamka mbele ya watu kwamba atakayefika mbali zaidi kati yetu ndiye atakayekabidhiwa jiko. Nimelingoja jiko hilo tangu enzi za kumenya viazi nikiwa nimekalia ndoo. Wifi amelikuta likinukia vizuri. Nikisema nina haki zaidi, huenda ninajipendelea. Hata hivyo, nadhani nina haki zaidi.

Leo nimegundua jambo wasilolijua watazamaji. Majaji hawali chakula cha moto! Tukishapakua, sahani hupelekwa kwenye meza ya taa. Mpambaji huzipaka mafuta kwa brashi ili zing'ae, mpiga picha huzizunguka kama nzi, na chakula huja kuonjwa kimeshapoa. Samaki wangu alifika kwa majaji akiwa na ubaridi wa marehemu. Nikaenda kulalamika kwa mtayarishaji wa kipindi. Nilijenga hoja kwa utulivu, hatua kwa hatua, kwa mifano. Akasema amenisikia. Alikuwa akila chapati. Ya moto.

Jumanne, 4 Machi

Nimetafakari upya. Kwa nini nipigane na ubaridi, badala ya kuupeleka kwa wifi?

Wakati wa chai nilimfuata mpiga picha. Nilimsifia jicho lake, kisha nikamdokezea kwamba sahani za wifi ni nzuri kuliko zote na kuzipita harakaharaka ni dhuluma kwa sanaa. Akanielewa mno. Aliing'ang'ania sahani ya wifi hadi mchuzi ukaota utando. Majaji wakaila wakiwa wamenuna. Nilifurahi, nikajionea haya kidogo, nikaendelea kufurahi.

Jioni picha ya sahani ile imegeuzwa tangazo la kipindi. Imo kwenye runinga ya saluni. Imo kwenye runinga ya zahanati. Mama amepiga simu akicheka kwa furaha, akanisimulia kwamba mkwe wake anaonekana kila baada ya taarifa ya habari. Kisha akauliza, "Na wewe, mwanangu, mbona wanakuonyesha kisogo tu?"

Nilisema ni pembe ya kamera.

Alhamisi, 6 Machi

Kesho anatolewa mtu. Nimeshinda nyumbani nikifanya utafiti, mapazia yakiwa yamefungwa. Nilitaka kumwita kaka aonje, nikakumbuka anaishi na nani.

Matokeo ni haya: ubaridi hufifisha chumvi. Nyama ya kondoo kwa mchuzi wa uyoga, ikikolezwa sawasawa ikiwa moto, ikipoa ni karatasi. Ikizidishwa chumvi ikiwa moto, ikipoa ni neema. Kwa hiyo kesho nitatia chumvi ya chakula kilichopoa. Nimejiuliza kama huo ni udanganyifu. Nimeona kuwa ni kuzingatia mazingira tu. Hitimisho hilo limenijia upesi kiasi cha kunitia mashaka. Nimelikubali hivyohivyo.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika kwa shida.

Kwetu hotelini sahani haitoki kabla mpishi wa jirani hajaionja. Ni mazoea, mkono hujiendea wenyewe. Wifi, ambaye jiko lake lilipakana na langu, akachovya kijiko katika sufuria yangu. Akaganda. Kisha akaninong'oneza, "Wifi, chumvi imekuzidi. Mimi nimebakiza mchuzi sijautia kitu. Chukua uchanganye, muda bado upo."

Nikalipima jambo hilo. Mshindani hamgawii mshindani mchuzi. Bila shaka alikuwa ameigundua siri ya ubaridi, akataka sahani yangu ikipoa ikose ladha. Nikamjibu, "Asante, wifi. Yangu naijua."

Akanitazama kama mtu anayemwona mwenzake akipanda basi silo. Akafunika sufuria yake.

Hapo ndipo mtayarishaji alipoingia, kamera zikiwaka. Akatangaza kwamba, kufuatia hoja nzito ya mshindani mmoja, kuanzia leo majaji wataonja chakula kikitoka motoni na picha zitapigwa baadaye. Akanipungia mkono!

Jaji mwenye miwani aliweka kipande kimoja kinywani. Akaomba maji. Kisha akaomba jagi. Akasema kwa upole, na upole ndio ulioniumiza, kwamba anaamini nyama ni laini, ila hakuweza kuifikia.

Nimetolewa. Kamera ikanionyesha uso, hatimaye.

Jumapili, 9 Machi

Mvua bado. Wifi amekuja mwenyewe, viatu mkononi, kuniambia kabla sijasikia kwa wengine: meneja amemkabidhi jiko. Anataka niwe msaidizi wake. Akasema, "Wifi, mimi kuonja nimefundishwa na nani kama si wewe? Lile jiko peke yangu siliwezi." Nikakubali. Alipoondoka nililia kidogo juu ya sinki, mahali panapofaa.

Kisha nikazipitia hoja zangu upya, bila upendeleo. Nadharia ya chumvi ilikuwa sahihi. Kilichoniangusha ni lalamiko. Sitalalamika tena.

Sasa, meneja hula ofisini, ghorofa ya juu kabisa, na sinia humfikia limepoa. Maskini, hajawahi kujua ladha ya kweli ya mkono wangu. Kesho nitajitolea kumpakulia mimi. Akishaonja, huenda akaufikiria upya uamuzi wake. Chumvi nimeshaipima.

Wifi alitaja pia, akiwa mlangoni anavaa viatu, kwamba ofisi ya meneja imewekewa mikrowevu ya kupashia chakula moto. Sikuona inahusu nini.