Mbuzi Mbele ya Kamati

Mwanzoni mwa mwaka 1974, wakazi wa Birmingham walitangaziwa rasmi kwamba Ofisi ya Masahihisho na Marejeo ya Hataza haijawahi kukosea hata mara moja. Tangazo lilibandikwa mlangoni. Kesho yake lilibanduliwa, likaongezwa herufi iliyokuwa imesahaulika, likabandikwa tena.

Hataza, kwa asiyejua, ni karatasi ya serikali yenye mhuri. Husema kwamba chombo fulani kimebuniwa na fulani, na mwingine akikitengeneza au akikitumia bila idhini, ajitayarishe kwa kesi. Ofisi yenyewe haikutoa hataza. Hizo zilitoka juu zaidi. Kazi yake ilikuwa kuzirudia zilizokwisha tolewa. Mwenye hataza akiona maneno yake yamepinda, aliirudisha, ikachanwa, akapewa nyingine iliyonyooshwa. Na raia akidai kwamba chombo kilikuwa kikitumika Uingereza kabla ya hataza, Kamati iliketi, ikaitazama hataza upya, na kwa kawaida ikaona kwamba aliyekosea ni raia.

Ilikuwa majira yale umeme ulipoadimika, serikali ikaamuru kazi zifanywe siku tatu tu kwa wiki. Viwandani watu walinung'unika kwa kupunguziwa. Ofisini walinung'unika kwa kuongezewa.

Humo ndimo alimofanya kazi Khatib, mzaliwa wa Mombasa, Mkalimani Mkuu wa Lugha za Afrika Mashariki. Alikuwa Mkuu kwa sababu hakukuwa na mwingine. Alivaa tai hata akienda kununua maziwa, na alipopiga chafya alitoa kitambaa kilichopigwa pasi. Ili haki itendeke, kanuni ilimkataza mkalimani kujua jina la mlalamikaji wala chombo kinachogombaniwa. Aliletewa maneno matupu kwenye kipande cha karatasi, akayafasiri, akayarudisha. Khatib aliupenda utaratibu huo. Aliona una heshima, na haumchoshi mtu.

Basi Jumatatu moja akaletewa kipande chenye maneno haya: "Kielelezo changu ni mbuzi yangu."

Khatib alikunja uso. Mbuzi yangu! Mbuzi ana roho, ana miguu, anakula majani. Vipi aitwe kama sufuria? Watu wetu hawa, aliwaza, wakipanda ndege tu, sarufi wanaiacha uwanjani. Kwa kuwa alikuwa ofisa wa masahihisho, akasahihisha. Akakata "yangu" kwa wino mwekundu, akaandika "wangu," akafasiri kwa Kiingereza yule mnyama mwenye ndevu, akapiga mhuri, akaenda kunywa chai. Neno lenyewe, MBUZI, liliachwa pembeni kwa herufi kubwa, maana kanuni ilitaka kila pingamizi lijibiwe kwa neno lilelile la mlalamikaji.

Ofisi haikushangaa. Ofisi haishangai, huunda kamati ndogo. Kamati ndogo ya kwanza ilijenga banda katika chumba cha vikao, likamwagwa nyasi kavu, likapigiliwa kibao kilichoandikwa MBUZI. Ya pili ilikodi daktari wa mifugo. Ya tatu ilikaa mchana kutwa kujadili kama mbuzi anaweza kuapishwa, ikaamua kwamba hataapishwa, ila ataulizwa. Juu ya samadi haikuafikiana, ikaomba muda.

Jumapili Khatib akapanda basi hadi Handsworth kwa shangazi yake, Mwanamkasi, muuguzi, mama wa maneno machache na chakula kingi. Kila Jumapili alikula kwake wali wa nazi, ila tatu zilizopita kazi za ofisi zilimzuia. Siku hiyo aliletewa wali mweupe, mkavu, umekaa kwenye sahani kama umenuna.

"Shangazi, leo wali umepatwa na nini?"

"Waniuliza mimi? Kaulize hiyo ofisi yenu. Wamekuja na karatasi, wakanikuta jikoni nakuna nazi, wakaichukua mbuzi yangu. Ati kuna mzungu ameibuni."

Kijiko cha Khatib kilisimama njiani.

"Mbuzi ipi, Shangazi?"

"Mbuzi ngapi wazijua wewe humu ndani? Ile ya nyanyako! Ile uliyoikalia ukakatwa paja, ukalia mpaka majirani wakaja. Nimefika nayo Handsworth mwaka ule Waingereza waliposhinda kombe, hiyo hataza yao haijazaliwa. Nimewaandikia hivyo, nikawaambia kielelezo changu ni hiyohiyo mbuzi, iko kwao. Na wao wananijibu ati nikishindwa wataichoma moto." Akapangusa meza iliyokuwa safi. "Mamangu hana picha, Khatib. Nilichobaki nacho cha mikono yake ni hicho kibao. Kimeingia shimo pale alipokuwa akiketi."

Khatib alilegeza tai. "Sasa, Shangazi, ungeandika mbuzi *wangu*..."

"Wangu ni wa kuchinja! Ya kukunia ni yangu. Au huko ofisini wamekusahihisha na wewe?"

Hakula tena. Alirudi nyumbani na aibu yake, akakaa nayo mpaka asubuhi.

Jumatatu akagonga mlango wa Mkurugenzi. Bwana Pargeter, mkazi wa Moseley, nyumba kubwa yenye madirisha ya kutosha shule, aliwahi kuwa ofisa Mombasa enzi za ukoloni. Huko, akiwa amejinyoosha kwenye kiti cha barazani, alibuni kibao cha kukunia nazi kwa kumtazama mpishi wake akikikalia. Hataza ya kibao hicho ilikuwa yake, na karakana iliyokitengeneza, pale Newtown, ilikuwa yake. Kwamba yeye ndiye pia mwenyekiti wa Kamati ya kuirudia hataza hiyo halikuwa tatizo. Sheria ilimkataza mtu kuamua kesi yake mwenyewe, kwa hiyo alinunua kofia mbili. Akivaa nyeusi alikuwa Mkurugenzi. Akivaa ya kahawia alikuwa mwenye hataza, na hao wawili hawakusalimiana.

"Bwana Mkurugenzi," alisema Khatib, "nimekuja kuungama kosa."

Pargeter alivaa nyeusi. "Ofisi haikosei."

"Basi nimekuja kusahihisha. Ile tafsiri ya mbuzi."

"Hilo linawezekana. Irudishe ya asili, ichanwe, ujaze maombi ya mpya. Mwakani majira kama haya utajibiwa."

"Kikao ni Alhamisi, Bwana."

"Ndiyo maana iliyopo ni sahihi."

"Lakini neno hili mbuzi, Bwana, kwetu..."

"Kijana," alisema Pargeter, akivua nyeusi na kuvaa ya kahawia, "mimi nimekaa Mombasa. Mbuzi namjua. Nimemla." Akasogeza kiti karibu, sauti ikawa ya siri. "Na nakwambia, huyu mbuzi ni neema. Alhamisi nitairudisha hataza yangu, nipewe mpya, iliyoongezwa kanusho. Nitamkana mbuzi. Wakimleta, nitasema: mnyama huyu hanihusu, nimekwisha mkana kwa maandishi! Pingamizi litakufa papo hapo, na hataza yangu haitaguswa tena na mtu. Hebu niandikie, wewe ndiye mwenye lugha. Maneno mapana, yasiache hata upenyo."

Khatib alimtazama. Alikuwa amemwambia kosa, akakatazwa. Alitaka kumweleza neno, akakatizwa. Kifungu cha tisa cha kanuni za ukalimani kilisema wazi: mkalimani hajibu asichoulizwa.

"Mapana kiasi gani, Bwana?"

"Kama bahari!"

Khatib akaandika: *Mwenye hataza anakana, kabisa na daima, haki yoyote juu ya kila kiitwacho MBUZI, kwa umbo lolote, kiwe cha yeyote.*

Pargeter alisoma, akasoma tena, akampa mkono. Hakuwa amempa mtu mkono tangu Krismasi.

Alhamisi umeme ulikatika, kikao kikafunguliwa kwa mishumaa. Mwanamkasi alikuja na koti zito juu ya leso, akaketi bila kumtazama Khatib. Daktari wa mifugo alisimama kando ya banda, kamba mkononi. Pargeter, katika kofia ya kahawia, aliirudisha hataza yake. Akavaa nyeusi, akaipokea kutoka kwake mwenyewe, akaichana vipande mbele ya wote. Kisha Katibu wa Kamati, mama mmoja mkavu mwenye miwani, akagonga mhuri hataza mpya na kulisoma kanusho kwa sauti. Pargeter aliitikia kwa kichwa kila neno, kama mtu anayesikiliza wimbo wa harusi yake.

"Mbuzi aingie," aliamuru.

Mlango ukafunguliwa. Hakuingia kitu ila baridi.

"Mlalamikaji, mbuzi yuko wapi?"

Khatib akafasiri. Mwanamkasi akasimama. "Iko kwenu! Si mliichukua wenyewe?"

Mtunza ghala alitumwa, akarudi na kibao cha kukunjwa, cheusi kwa uzee, chenye ulimi wa chuma uliojaa meno. Kwa kuwa utaratibu ulitaka mbuzi awekwe bandani, kikawekwa juu ya nyasi. Daktari wa mifugo, aliyekwisha lipwa, akachuchumaa, akakagua meno, akasema ana afya nzuri kwa umri wake.

"Hiki ni kibao!" alifoka Pargeter. "Mkalimani! Hiki, kwa lugha ya mlalamikaji, kinaitwaje?"

Sasa alikuwa ameulizwa.

"Mbuzi, Bwana Mwenyekiti."

"Na mnyama je?"

"Naye mbuzi. Zinazotofautiana ni ngeli tu."

Katibu aliishusha miwani hadi puani. "Kanusho linasema kila kiitwacho mbuzi, kwa umbo lolote, kiwe cha yeyote. Kielelezo hiki kinaitwa mbuzi. Hataza imekikana. Mama huyu achukue kitu chake aende zake."

Pargeter alivua nyeusi kwa mkono mmoja na kuvaa ya kahawia kwa mwingine. "Sawa! Achukue! Lakini vya kwangu vya karakana si mbuzi! Vyangu ni Vifaa vya Kukwangulia Tunda kwa Kuketi! Aitwe muuzaji wangu!"

Muuzaji alikuwa Vinubhai, aliyetoka Kampala mwaka ule Wahindi walipofukuzwa, sasa mwenye duka Soho Road na shahidi mwaminifu wa Bwana Pargeter. Aliingia na boksi jipya kutoka rafuni, akaliweka mezani kwa fahari. Ubavuni, kwa herufi nyekundu za kuonekana hadi upande wa pili wa barabara, liliandikwa MBUZI BORA.

"Nani kaandika hivi?" Sauti ya Pargeter ilikuwa imepungua.

"Mimi, sahib. Lile jina lako ndefu wateja walikuwa wanasoma, wanafika katikati, wanaondoka. Nikaandika hivi, ikauzika sana."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Are, Bwana, ulisema iuzike tu. Mengine hukuniuliza."

Katibu aliandika kwa utulivu mkubwa. Hataza mpya, alisema, ni halali kabisa, ina mhuri, na hailindi kitu chochote duniani. Wafua chuma wote wa Birmingham walikuwa huru kutengeneza vibao hivyo kuanzia alasiri ile.

"Naomba masahihisho!" Pargeter alisema. "Masahihisho ya masahihisho! Nirudishiwe ya zamani!"

"Haki yako," alisema Katibu. "Leta hataza ya asili."

Watu wote wakatazama chini, kwenye vipande.

Ombi lake lilipokelewa hata hivyo, kwa sababu Ofisi haimnyimi mtu haki ya kungoja. Mwakani majira kama haya angejibiwa. Kwa sasa mwombaji alitakiwa akae mahali pa waombaji, na hapo ukazuka ugumu mdogo, maana pale pa waombaji ndipo palipojengwa banda. Kamati ndogo ya kwanza ilikumbusha kwamba banda limeandikishwa kwa kikao hiki na haliwezi kuvunjwa kabla halijatumika. Basi kiti kikaingizwa humo. Bwana Pargeter akaketi katikati ya nyasi, kofia mbili magotini, kibao cha MBUZI juu ya kichwa chake.

Khatib alimbebea shangazi mbuzi yake kuelekea mlangoni. Mwanamkasi alipitisha kiganja penye lile shimo la kibao, taratibu, na macho yake yakalowa. Khatib alitoa kitambaa chake kilichopigwa pasi, akampa.

"Jumapili uje," alisema Mwanamkasi. "Na nazi utakuna wewe."

"Nitakuja, Shangazi."

Mwanamkasi alipita kando ya banda, akasimama, akasoma kibao, kisha akamtazama aliyekaa chini yake kuanzia viatu mpaka upara.

"Hebu Khatib, weye ndiye mwenye sarufi. Hapa yasemwa mbuzi hii, au mbuzi huyu?"

Khatib alinyoosha tai yake. Lilikuwa swali rasmi, na alikuwa ameulizwa.

"Huyu, Shangazi."