Bango Lenu Limemnyima Mwanangu Maji ya Harusi

Kwa Ibu Retnowati,
Mkuu wa Maabara ya Maji, Wilayani.

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka Kalijenar, kando ya mto ambao ninyi mmeutangaza mgonjwa. Mimi ni Wiryadi, mtia rangi batiki, mwana wa mtia rangi. Alhamisi binti yangu Ambarwati anaogeshwa, Ijumaa anaolewa. Wajua mwenyewe kwamba mwali huogeshwa kwa maji ya sehemu saba, na mojawapo sharti iwe kwao. Kwetu ni huu mto. Sasa mpimaji wenu, Mbak Pratiwi, amesimika bango mbele ya karakana yangu: “Maji haya yasiguse ngozi.” Mama wa bwana harusi kalisoma kwa sauti, kisha akanigeukia: “Pak Wir, mwali tunamwogesha au tunamtia rangi?” Wakwe wakaangua kicheko. Nimeaibika mimi, jamani!

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mbak Pratiwi alichota maji siku tunayosuuza vitambaa vyekundu. Mgeni mwenye adabu hupiga hodi. Angesema mapema, tungeuandaa mto.

2. Anadai majini mna madini, eti kromu. Nimeingia hadi kiunoni, sijaona hata msumari. Na kama yamo, ni mali ya kijiji. Mbona kayabeba kwenye chupa zake bila kibali?

3. Anasema hewa ya oksijeni imepungua, samaki hawawezi kupumua. Samaki gani? Walishahama zamani. Tangu lini ofisi ya serikali ikawasemea wasiokuwepo?

4. Alichovya kikaratasi, kikabadilika rangi. Makubwa! Karatasi isiyo na msimamo ndiyo imvunjie mtu harusi?

Kwa hiyo naomba bango ling'olewe kabla ya Alhamisi, na vipimo virudiwe kule juu chemchemini, kabla mto haujafika kwangu. Mto si ni huo huo mmoja? Tena mniandikie cheti kwamba rangi si uchafu. Uchafu ungekuwa mweusi, nasi nyeusi hatujatia tangu mwezi wa mfungo.

Nisalimie wapimaji wote, dereva wenu, na hata huyo Mbak Pratiwi, ambaye nasikia hajaolewa. Sishangai.

Ni mimi, mwenye harusi na mwenye uchungu,
Wiryadi

Tanbihi: Wa kwanza kummwagia mwali maji ni baba yake. Leo asubuhi nilichota kata moja, nikajaribu kwanza kwenye mkono wangu, huu unaobabuka kila siku nami nasingizia uzee. Ukaniwasha moto. Ambarwati alikuwa ananitazama, nami nikalia mbele ya mwanangu. Bango liacheni. Tafadhali mtumeni Mbak Pratiwi na chupa zake, anipimie kisima cha jirani kama kinafaa. Siwezi kummwagia mwanangu nilichokimwaga mwenyewe.