Hotpoti ya Ngosha na Kanuni ya Sita

Jumamosi saa moja na nusu asubuhi, kijiwe cha kahawa cha Getruda pale Mkuyuni kilikuwa na wateja watatu wa kudumu na barua moja ya shule. Barua ilikuwa ya Ngosha, fundi wa kuchomelea mageti, ambaye kitambulisho chake kinasema Mashimba. Aliyeishika ni Mzee Kilo, mfanyabiashara wa dagaa, kwa sababu ndiye mwenye miwani. Wa tatu alikuwa Rwehumbiza, mwalimu wa sekondari mwenye asili ya Kagera. Kijiwe kinamwita Nshomile, yaani aliyesoma, na hajawahi kulikataa jina hilo.

"Soma, mzee," Ngosha alisema. "Soma taratibu, kila mtu asikie ninavyodhalilishwa."

Mzee Kilo akakohoa. "'Mzazi mpendwa. Siku ya Jumanne mwanao Rebeka wa darasa la pili alifika shuleni na hotpoti ya lita tano...'"

"Lita tano!" Getruda akatua birika. "Ngosha, ulimpeleka mtoto shule au msibani?"

"Mwache mzee asome."

"'...yenye matobolwa, dagaa wa kukaanga, nsansa, karanga na papai, akawagawia wenzake saba. Wenzake hao walirudi nyumbani na makontena yao hayajaguswa. Kitendo hiki ni kinyume cha Kanuni ya Sita ya Mlo Bora. Kwa mustakabali mpana wa afya ya mwanafunzi, Rebeka amehamishiwa meza ya pembeni, ambako atakula peke yake hadi mwisho wa muhula. Mzazi afike mbele ya Kamati ya Mlo Jumamosi saa nne kamili.' Mwisho. Kuna mhuri."

"Nsansa ndiyo kitu gani?" Nshomile aliuliza.

"Majani ya kunde yaliyokaushwa," Mzee Kilo akamjibu. "Umekaa Mwanza miaka kumi na mbili, mwalimu. Acha kujifanya umeshuka na meli jana."

Mambo yalianza hivi. Dorcas, mke wa Ngosha, alikwenda Usagara kumuuguza mama yake. Alimwachia mumewe nyumba, watoto wawili, na karatasi ya shule inayotaka kila chakula cha mchana kiwe na makundi matano. Ngosha aliisoma karatasi ile kama anavyosoma mchoro wa geti. Viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, yaani matobolwa: kundi la kwanza. Dagaa la pili, nsansa la tatu, papai la nne, karanga na mafuta ya alizeti la tano. Hakuruka kitu. Kipimo cha chakula hakikuandikwa, kwa hiyo alitumia kipimo anachokijua.

"Makundi yote yalikuwemo?" Mzee Kilo aliuliza.

"Yote matano. Mwalimu wa darasa mwenyewe alihesabu."

"Sasa kosa liko wapi?"

"Kosa ni kugawa," Nshomile akadakia, akaweka kikombe chini kama mtu anayeanza kipindi. "Ndugu zangu, tusiongozwe na tumbo. Kanuni ina sababu zake. Mwaka jana shuleni pale kuna mtoto alivimba midomo kwa karanga za mwenzake. Nusura wampoteze."

"Hilo ni kweli?" Getruda aliuliza.

"Kweli kabisa. Yuko darasa la tano."

Ngosha akatafakari. "Basi karanga natoa. Kuanzia leo. Hilo la haki, silibishii. Lakini sasa niambie, na dagaa wamemvimbisha nani?"

"Hoja si dagaa, ni utaratibu. Mtoto mmoja, kontena moja. Wewe ulimpa mtoto wa miaka minane chakula cha kikosi."

"Nilimpa chakula cha watu wa kukaa naye! Nshomile, mimi nimezaliwa Magu. Chakula kilipelekwa shikome, pale kwenye moto wa wanaume, wajomba, watoto na mpita njia, sahani moja. Nikimpa mtoto chakula chake tu, kiduchu, kimefungwa kwenye plastiki, nimemfundisha nini? Nimemfundisha kujificha. Kwetu anayekula peke yake tunamwangalia mara mbili usiku."

"Huo ni ushirikina."

"Wewe uliyekula senene peke yako hapa Desemba ukageukia ukutani ndiye unaniambia ushirikina?"

Getruda alicheka mpaka akashika meza. Nshomile alisema senene wale walikuwa zawadi ya mama yake, na zawadi ina mipaka.

"Tuachane na panzi," Mzee Kilo alisema. "Mtoto anasemaje?"

Ngosha alikuwa na tabia ya kukunja vidole akiongea. Sasa akavikunjua.

"Mtoto hali, mzee. Jumatano, Alhamisi, jana. Nimepunguza, nimempa kontena dogo kama la wenzake. Linarudi limejaa, halijafunguliwa. Nikamuuliza, mama, unaumwa? Akasema, 'Baba, wewe ulisema anayekula peke yake ni mchawi. Nikila pale wataniona.' Mimi ndiye niliyemwambia. Nilikuwa namtania, anamalizaga ugali bila kumwita mdogo wake. Sasa anakaa kwenye ile meza, mgongo ukutani, mikono mapajani, mpaka kengele. Mama yake akirudi akamkuta amekonda, barua nitakayoandikiwa mimi haitakuwa na mhuri."

Getruda akamjazia kahawa bila kuombwa.

"Kwa hiyo saa nne unakwenda kusema nini?" aliuliza.

"Naomba msamaha. Nipige hata magoti. Wamrudishe kwa wenzake."

"Hawatamrudisha," Nshomile alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya chini. "Kamati inaogopa mfano mbaya. Wakimsamehe mmoja, Jumatatu kila mtoto anakuja na sufuria."

"Wewe kamati unaijua sana," Mzee Kilo alisema. Alikuwa ameirudia barua na kidole chake kimesimama katikati. "'Kwa mustakabali mpana wa afya ya mwanafunzi.' Mwalimu, mwaka jana tulipoandika barua ya mtaa kuhusu mtaro wa maji, si ulituwekea 'kwa mustakabali mpana wa mtaro'?"

"Ni msemo wa kawaida."

"Mimi nina miaka sitini na nne. Nimeusikia mara mbili."

Nshomile akavua kofia, akaivaa. "Mimi ni katibu wa kamati. Sawa. Nimeandika kanuni. Lazima mtu aziandike, angekuwa nani?"

"Oya, kumbe tunakunywa kahawa na polisi!" Ngosha alinyanyuka. "Mtoto wangu ameketishwa ukutani na mtu anayenikopa kashata!"

"Kaa chini, Ngosha. Niliandika kwa nia njema. Nilisoma vitabu vya lishe vya nchi tatu."

"Ndiyo maana kuna brokoli," Getruda alisema. "Kwenye zile picha za Ngosha nilikuwa najiuliza brokoli imeingiaje."

Brokoli inahitaji maelezo. Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, wazazi wa shule ile hutuma picha ya kontena la mtoto kwenye kundi lao la simu, na kamati hupongeza. Kontena lililopongezwa kuliko yote muhula huu ni la Alexander, mtoto wa Nshomile, linaloandaliwa na mkewe Kemilembe: wali wa brauni, yai nusu, zabibu sita, na shina moja la brokoli.

"Tena hiyo brokoli nataka kuizungumzia," Ngosha alisema, akatoa simu. "Mimi kazi yangu ni kuangalia maungio. Hii ni Jumatatu. Ona, upande wa kushoto kuna kovu, kama kucha imepita. Hii Jumatano. Kovu. Hii jana. Kovu lile lile. Mwalimu, hii mboga inasoma darasa la ngapi?"

Simu ilizunguka. Mzee Kilo alipandisha miwani, akaisogeza picha, akathibitisha kovu.

"Mtoto haili," Nshomile alisema. "Inarudi, mama yake anaiweka kwenye friji. Kutupa chakula ni dhambi."

"Kwa hiyo Alexander naye hali?" Mzee Kilo aliuliza.

"Anakula yai."

"Jumanne alikula yai?"

Getruda akamgeukia Ngosha.

"Hao saba Rebeka amekutajia?"

"Kanitajia wote. Prudencia. Yeremia. Yule wa mchungaji, na mapacha wa daktari. Mtoto wa mhasibu, yule kibonge." Akamwangalia Nshomile. "Na Alexander. Tena Rebeka anasema Alexander aliongeza mara mbili, akalamba mfuniko."

"Alexander wangu hapendi dagaa."

"Jumanne aliwapenda. Vichwa alikula, mikia alikula."

Mzee Kilo hakuwa akisikiliza tena. Alikuwa amemwomba Nshomile simu, na Nshomile, akidhani mzee anataka kutazama saa, akampa. Mzee alitafuta kwenye kundi la wazazi mpaka akazipata kanuni zenyewe, akasoma ya sita kwa sauti ya mtu anayehakiki mzani.

"'Mwanafunzi yeyote atakayetoa au kupokea chakula atahamishiwa meza ya pembeni hadi mwisho wa muhula.' Wewe uliandika hivi?"

"Ndiyo. Nilitaka ikamilike. Kanuni isiyokamilika ni mwanya."

"'Kutoa au kupokea.'"

"Ndiyo."

"Rebeka alitoa."

"Ndiyo."

"Na hao saba walifanya nini?"

"Walipokea," Nshomile alisema.

"Mbona hawajahamishwa?"

"Kamati iliwaona kama wahanga."

"Kanuni imeandika wahanga?"

"Haijaandika."

"Meza za pembeni ziko ngapi pale bwaloni?"

Nshomile alifumba macho. Ni mtu mkweli, hilo kijiwe hakijawahi kulikana. "Moja."

Mzee Kilo akamrudishia simu yake, akaikunja barua, akampa Ngosha. "Usiombe msamaha. Mtu mwenye haki hapigi magoti. Nenda kaombe kanuni itekelezwe. Yote. Usiongeze neno, usipunguze neno. Wakikuambia wewe ni mkali, waambie hukuiandika wewe."

Ngosha aliitia barua mfukoni. "Nidai watoto wa watu waadhibiwe?"

"Dai."

"Na wa huyu?"

"Huyu ndiye aanze, maana aliongeza mara mbili."

Saa tatu na nusu mshitakiwa na katibu waliondoka pamoja kwa pikipiki ya Ngosha, kwa kuwa Nshomile gari lake lilikuwa gereji. Katibu alikaa nyuma, akashikilia koti la mshitakiwa kwa mikono miwili, na faili la kamati akalibana katikati.

Yaliyotokea mbele ya kamati yalisimuliwa kijiweni Jumamosi iliyofuata, na kwa mara ya kwanza Ngosha na Nshomile hawakupingana. Mwenyekiti alimkaribisha Ngosha ajitetee. Ngosha akasema hana utetezi. Akasoma Kanuni ya Sita, akataja majina saba, akakaa. Mzazi mmoja alisema watoto wadogo wanaopokea chakula hawajui watendalo. Ngosha akamuuliza kama wanaotoa ndio wanaojua. Mama yake Prudencia akataka meza saba za ziada. Mwalimu mkuu akasema bwalo lina meza zilizopo, na ya pembeni inachukua watoto kumi. Wakapiga kura. Kwa kura sita kwa tatu ikaamuliwa kwamba kanuni ni kanuni, na katibu akaandika jina la mwanawe kwenye muhtasari kwa mkono wake.

"Kemilembe alikuangaliaje?" Getruda aliuliza.

"Sijui. Mpaka leo sijamwangalia."

"Haya, na Jumatatu?"

"Jumatatu walihamishwa," Ngosha alisema. "Nane, meza moja. Nikarudisha hotpoti. Bila karanga, kama nilivyoahidi. Nilishinda karakana mawazo yako bwaloni, nimeunguza geti la watu. Saa tisa na nusu Rebeka akashuka kwenye basi la shule, hotpoti inaning'inia mkononi, inagonga gonga goti. Nyepesi. Nikafungua. Mzee, walikuwa wameikomba. Hata mchuzi wa nsansa. Nikamuuliza, umekula? Akasema, 'Tulikula.'"

Akageuka upande, akajifanya anatafuta sukari.

"Lakini ngoja," Mzee Kilo alisema. "Si wanagawana tena? Hapo hapo kwenye adhabu?"

"Wanagawana," Nshomile alisema.

"Kanuni inasemaje?"

"Atakayetoa au kupokea atahamishiwa meza ya pembeni."

"Na kama yuko hapo tayari?"

"Anabaki." Nshomile alikunywa kahawa yote kwa mara moja. "Niliandika ikamilike."

"Basi rekebisheni, mna katibu msomi."

"Tulikutana jana kwa dharura kwa ajili hiyo. Hatukufika mbali. Tulikuwa na barua za wazazi kumi na nne za kujadili kwanza."

"Wanalalamika?" Getruda aliuliza.

"Wanasema watoto wa ile meza ndio pekee wanaorudi wameshiba," Nshomile alisema, akisimama kutafuta kofia yake. "Wanaomba wa kwao nao waadhibiwe."