Chumvi Isiyo Chumvi

Jumatatu, 2 Juni

Daktari Tejada amenibonyeza kifundo cha mguu kwa kidole. Kikabaki kishimo, kama kwenye unga uliokandwa. Akakitazama kinavyokataa kujaa. Akasema moyo wangu ni pampu iliyochoka, na maji yasiyosukumwa huenda yanakotaka: leo miguuni, kesho mapafuni. Nikirudi hivi atanilaza wodini.

Nikamwambia nataka kufia kitandani kwangu, hapa hapa mjini Moca. Akajibu kwamba hilo liko mikononi mwa dada yangu Ercilia. Ndiye anayenipikia, anayenipa vidonge, anayenisaidia kuoga. Ercilia akiwepo, nyumbani. Asipokuwepo, wodi. Na chumvi ni marufuku.

Ercilia amelitupa kopo la chumvi mbele ya macho yangu, kisha akanipakulia mangú. Ndizi mbichi zilizopondwa bila chumvi ni lipu ya ukutani. Yeye anakula lipu hiyo hiyo bila kunung'unika. Ana kisukari, ana presha, anameza kidonge chake kila asubuhi kama komunyo. Mtu mwenye subira namna hiyo huchosha.

Siku zangu zimebaki chache. Watu nimewadanganya vya kutosha, karatasi sitaidanganya.

Jumatano, 4 Juni

Jirani yangu Nicanor amekuja kujisifu. Kinyozi mstaafu, moyo mbovu kama wangu, lakini mashavu yamemjaa. Akaniuliza hivi profesa mzima, vitabu vyote vile, unakula kama mbuzi aliyefungwa kamba? Akatoa kichupa mfukoni. Chumvi isiyo chumvi, binti yake humtumia kutoka New York. Chukua, mzee mwenzangu, usife na ulimi mkavu.

Nikasoma kibandiko. Kloridi ya potasiamu. Mimi niliyefundisha kemia maisha yangu yote! Daktari amekataza sodiamu. Potasiamu hakuitaja. Chini kulikuwa na onyo kwa wenye figo dhaifu na wanaotumia dawa fulani fulani, ila herufi zilikuwa ndogo na miwani ilikuwa chumbani.

Tatizo ni Ercilia. Akiniona nanyunyiza atakitupa. Nimeamua kutia kwenye sufuria anapotoka kulisha kuku.

Alhamisi, 5 Juni

Ushindi. Ercilia ameonja, akaonja tena. Anadhani ni kitunguu saumu. Kasema kumbe kaka, siku zote chumvi ilikuwa inatufichia, chakula kina ladha yake chenyewe. Nikamwambia ana mkono wa baraka. Akaongeza sahani.

Jumapili, 8 Juni

Sancocho, mchuzi mzito wa Jumapili. Nyama, mihogo, ndizi, maboga. Nikatia kwa mkono mkunjufu, kwa kuwa sufuria ilikuwa kubwa. Ercilia kala sahani mbili, kisha akaimba akiosha vyombo. Sijamsikia akiimba tangu afiwe na mume. Nicanor alipita, akaonja, akanikonyeza. Nikatamani kumpiga teke. Sifa zile zilikuwa zangu.

Ijumaa, 13 Juni

Ercilia analalamika miguu mizito, kama imefungiwa mifuko ya mchanga. Kopo la maji linamlemea. Anasema moyo unaruka pigo, kama mtu anayekosea ngazi.

Nakiri nilikasirika. Mgonjwa wa nyumba hii ni mimi. Nikamwambia ni uzee, ale vizuri apate nguvu. Akala. Ili apate hamu zaidi, nilikuwa nimeongeza.

Jumamosi, 14 Juni

Ameanguka jikoni, mwiko mkononi. Nicanor na jirani mwenye gari wakamkimbiza hospitali, na mimi nikipakiwa nyuma kama gunia.

Karatasi ya mapigo ya moyo ilionyesha vilele virefu vilivyochongoka, kama mahema ya jeshi. Potasiamu, alisema Daktari Tejada. Imejaa kwenye damu, moyo unaweza kusimama wakati wowote. Akamwingizia kalsiamu kwenye mshipa. Hiyo haiondoi potasiamu, inaukinga moyo tu usiyumbe. Kisha insulini pamoja na sukari: insulini hufungua mlango wa seli, sukari ikaingia, na potasiamu ikaingia nayo. Mwisho sindano ya furosemidi, aitoe iliyobaki kwa mkojo. Dawa ile ile ya vidonge vyangu.

Nilisikiliza kwa raha, kama mwalimu nyuma ya darasa zuri. Kisha nikakumbuka ni nani aliyelala pale.

Daktari akaeleza kwamba kisukari kimemla figo Ercilia, na kidonge chake cha presha, enalapril, hulegeza mishipa lakini huzuia potasiamu isitoke. Mimi furosemidi huniondolea. Ndiyo maana, alisema, wawili mnakula chungu kimoja na anaanguka mmoja.

Akamuuliza alikula nini. Ercilia akasema kwa sauti ndogo, ndizi, mwanangu, kama watu wote. Daktari akanigeukia mimi. Nikasema ndizi nyingi mno. Nicanor alikuwa anatazama viatu vyake.

Jumanne, 17 Juni

Nyumba kimya. Nicanor huniletea yai la kuchemsha na haketi. Leo kaniambia sema, profesa, au nitasema mimi. Nikamuuliza kichupa kilitoka mfukoni mwa nani. Akaondoka.

Daktari amesema Ercilia asipopata nafuu wiki hii, mimi pia nitawekewa kitanda huko.

Nilipelekwa kumwona. Nilikuwa nimeipanga sentensi yangu vizuri. Kabla sijafungua mdomo akanishika mkono, akasema nisamehe kaka, nimekutia hofu kwa ulafi wangu. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Nikasema nimekusamehe.

Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyosema.

Jumapili, 22 Juni

Ercilia amerudi. Anatembea kwa kushika kuta, lakini alipofika tu aliuliza kama nimemeza vidonge vyangu. Amebadilishiwa dawa ya presha. Ndizi amekatazwa, mihogo amekatazwa, hata supu ya maharage. Kichupa nimekitupa chooni kwa mkono wangu mwenyewe. Hilo nimejifunza, na sitalirudia.

Mchana aliketi mbele ya wali mweupe. Hakula. Machozi yakamtoka bila sauti. Akasema kaka, nimezaliwa Moca, mama kanilea kwa ndizi, sasa napika kama napikia maiti. Nimeishi miaka mingi na sijaona uchungu kama ule.

Nimekaa nikafikiri. Potasiamu ikiingia lazima itoke. Ndizi zinaingiza, furosemidi inatoa. Ni hesabu ya mtoto wa sekondari. Nusu ya kidonge changu kila asubuhi, na Ercilia atakula mangú yake kwa amani, nami nitakuwa nimelipa deni langu bila kumsumbua kwa maelezo. Nusu hiyo nitajinyima mimi. Miguu itavimba kidogo, sawa, nitavaa soksi.

Nimeshakisaga. Kahawa yake haina sukari, ni chungu kama shubiri. Hatatambua.