Kamati ya Kuchagua Lugha ya Game

Jumatatu, 9 Juni

Kimenuka! Asubuhi nimekuta barua imesukumwa chini ya mlango wangu. Imechapwa, ina kumbukumbu namba, imegongwa muhuri. Baba mdogo Koikai alistaafu halmashauri miaka mitatu iliyopita, akaenda kujichongeshea muhuri wake mwenyewe. Hapa nyumbani kwake Njiro hata zamu ya kufagia banda la kuku inatoka kwa barua.

Hii ya leo inasema: Yah: Maendeleo ya Game. Kwamba nimekaa kwake miezi saba nikidai natengeneza game ya kompyuta. Kwamba game yenyewe haijaonekana. Kwamba Jumamosi saa tisa alasiri niionyeshe, ikicheza, mbele ya mgeni rasmi. Nikishindwa, narudi Olkokola kwa Koko, bibi yangu, kuchunga ng'ombe. Mchungaji wake ameacha kazi.

Olkokola! Baridi ile ya Juni! Kuamka saa kumi na moja alfajiri! Na lile dume lililonikimbiza Krismasi mbele ya watu wote wakitoka kanisani! Siendi. Njiro kuna waifai na maji ya moto.

Tatizo ni dogo tu. Game haipo. Sijaanza, kwa sababu sijachagua lugha ya kompyuta ya kuiandikia. Na sijachagua kwa sababu nimesoma makala kama mia mbili zinazoeleza lugha ipi inamfaa anayeanza, na kila moja inasema yake. Mtu makini hakurupuki.

Jumanne, 10 Juni

Nimekumbuka udhaifu wa Baba mdogo: mchakato. Mtu akimpelekea jedwali lenye vichwa vya habari, hasira zote zinamwisha. Basi nimeunda Kamati ya Kuchagua Lugha ya Game. Mwenyekiti mimi. Katibu mimi. Mjumbe ni binti yake Nashipae, anayesomea uhasibu, yuko likizo. Yeye hajaarifiwa.

Nikawasilisha wakati wa chai. Jedwali la lugha tano, kurasa nne, na kiambatisho. Baba mdogo akavaa miwani, akasoma kila mstari. Akauliza kwa nini Kiswahili hakimo wakati ndiyo lugha ya taifa. Nikamjibu kitaingia awamu ya pili. Akaafiki. Nikaona hapo hapo nipenyeze ombi la kuongezewa miezi mitatu. Akakataa! Alisema mgeni rasmi ameshathibitisha. Ila alilisifu jedwali, kwamba mistari imenyooka.

Nashipae alipoona jina lake kwenye kamati alicheka mpaka chai ikampalia. Akaniambia niache kuzunguka, nichukue Scratch. Huandiki kitu, unavuta vipande vya rangi na kuvipanga, na anayeanza anapata game ndani ya siku moja. Akanifungulia nione. Akatokea paka. Paka wa rangi ya chungwa, anatabasamu! Mimi nina miaka ishirini na sita na ndevu. Nikamwambia hiyo ni ya chekechea. Akasema haya, mtu mzima.

Jumatano, 11 Juni

Kamati imekutana saa nne asubuhi, kitandani kwangu. Akidi ilitimia.

Python imekataliwa. Alama yake ni nyoka, tena wawili, na Mama mdogo akiona hata mkanda mweusi sakafuni anapanda juu ya kochi. Lua imekataliwa, haitishi. Java imeahirishwa. Scratch haikujadiliwa. C++ imepita kwa kauli moja! Makala zote zinasema ni ngumu, anayeanza asiiguse. Ndiyo ninayoitaka hiyo. Mgeni rasmi akiisikia tu atanyamaza.

Nimeanza saa tano. Mistari kumi na miwili, makosa thelathini na moja. Nikafuta mstari mmoja, makosa yakawa arobaini na manne. Kwa hasira nikafuta yote. Likabaki kosa moja. Faili tupu, kosa moja! Limetoka wapi, jamani?

Kamati imeenda mapumziko.

Alhamisi, 12 Juni

Nashipae amemaliza game yake. Aliitengeneza jana jikoni akisubiri maharage yaive! Ng'ombe wanavuka barabara, bodaboda zinakuja kasi, wewe unawakwepesha kwa vitufe. Anayeguswa analia mooo na kurudi alikotoka. Amenionyesha mimi peke yangu. Nikamwambia ni ya kitoto. Kisha nikaicheza saa moja na nusu. Aliniomba kompyuta yake mara tatu.

Akasema nikitaka tukae jioni hii hii, anielekeze, na Jumamosi nitakuwa na yangu ya kweli. Aliyasema bila dharau hata kidogo, na hilo ndilo lililoniudhi. Moyoni nilitaka sana. Mdomo ukasema nina kikao.

Wivu umenikaba. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma.

Ijumaa, 13 Juni

Nimepata! Mimi ni hatari!

Nashipae alikwenda mjini, akaacha kompyuta mezani. Nikaicheza game yake kwa ustadi, huku simu nimeiegemeza kwenye birika inarekodi kioo. Dakika sita. Nikakata kingo, wakabaki ng'ombe watupu. Mwanzoni nikaandika: Mhandisi Yoeli. Kesho naiweka video hiyo kwenye kompyuta ya Baba mdogo, naketi mbele yao, nabonyeza vitufe kwa kufuatisha. Nani atajua? Nashipae atakuwa mazoezi ya kwaya mpaka saa kumi na moja.

Nimefanya mazoezi mara kumi na tisa, sauti nimezima ili wasinisikie ukumbini. Kila bodaboda naijua inatokea wapi. Tangu nizaliwe sijawahi kusoma kitu kwa bidii namna hii.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika huku nafungasha.

Mgeni rasmi alikuwa Mzee Solomoni, jirani, mstaafu mwenzake Baba mdogo. Alikuja na suti na tai. Tukaomba, Baba mdogo akasoma ajenda, nikaitwa mbele. Nikatangaza kwamba game imeandikwa kwa C++. Mzee Solomoni akanyamaza. Si nilisema?

Nikabonyeza. Ng'ombe wakatoka. Kushoto, kulia, kushoto, nikawa nacheza mpaka na mabega. Mama mdogo akapiga makofi. Baba mdogo akasogea ukingoni mwa kiti, akasema kumbe. Sijawahi kusikia kumbe tamu kama ile. Nikajiona nimekaa Njiro mpaka uzeeni.

Hapo Mzee Solomoni akalalamika kwamba hawasikii ng'ombe, masikio yake ni ya kizee, niongeze sauti. Mgeni rasmi hakataliwi. Nikaifungulia mpaka mwisho.

Ng'ombe mmoja akalia mooo. Halafu ndani ya kompyuta ikatoka sauti ya Mama mdogo, ikiuliza Yoeli, unafanya nini na kompyuta ya Nashipae. Mama mdogo, pale kwenye kochi, akajishika mdomo. Ikafuata sauti yangu: naifuta vumbi, Mama! Kisha sauti yangu tena, ya chini, ila kwa kiwango kile ilisikika mpaka getini. Ikasema Baba mdogo mwenyewe ukimwekea hata saa ya ukutani ataona ni game.

Niliinua mikono yote miwili juu. Ng'ombe wakaendelea kuvuka. Wakavuka vizuri kabisa, hakuguswa hata mmoja. Mzee Solomoni akauliza kama inajiendesha yenyewe, akasema nchi imepiga hatua.

Baba mdogo hakufoka. Aliingia chumbani kwake. Tukasikia printa. Tukasikia muhuri: ta! Akarudi na barua. Yah: Uhamisho wa Kituo cha Kazi. Kwamba nimehamishiwa Olkokola, niripoti kwa Koko Jumatatu asubuhi. Nakala kwa Mama mdogo. Nakala kwa mgeni rasmi.

Nilidhani yameisha. Lakini alivua miwani, akaniambia taratibu kwamba kwa miezi saba amekuwa akiwatambia wenzake, kila anayekutana naye, kwamba kijana wake ni mtaalamu. Aibu ikanishika mpaka masikioni. Nilitamani afoke.

Nashipae akarudi kutoka kwaya, akaelezwa yote, akacheka, kisha akanionea huruma, na hiyo huruma ilikuwa mbaya kuliko kicheko. Baba mdogo akaomba aione hiyo game ya kweli. Kufika saa moja alikuwa ameshavusha ng'ombe arobaini na amegoma kuja mezani.

Jumanne, 17 Juni. Olkokola

Baridi! Mlima hauonekani, ukungu mtupu. Koko aliniamsha saa kumi na moja, akanipa fimbo, akasema haya. Dume lile lipo. Tumetazamana. Limenitambua.

Nashipae alinijazia simu masomo ya Scratch kabla sijaondoka, hayahitaji hata mtandao. Akanisihi nifungue somo la kwanza tu, dakika kumi, nitamaliza game kabla ya mwezi kuisha, na Baba mdogo si mtu wa kinyongo, ataniita mwenyewe. Sijafungua. Nikifungua, si atajua nimekubali kwamba alikuwa sahihi?

Saa nne akapita Mzee Lerionka, jirani yetu wa ng'ambo ya korongo. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia kwa heshima ya ajabu. Kumbe Koko ametangaza kwamba mhandisi kutoka Njiro amerudi kuijenga Olkokola! Mzee ana mabinti wawili, wako likizo, wanataka kujifunza kutengeneza game. Kompyuta moja ipo ofisini kanisani, mchungaji ameruhusu. Lakini hawajui waanzie wapi. Akavua kofia, akaniuliza mimi mtaalamu, lugha ipi ni rahisi kwa mtu asiyejua kitu.

Nikaegemea fimbo. Nikakunja uso, nikafikiri kwa muda unaomfaa mhandisi.

Nikamwambia C++.

Akauliza nimeitumia kwa muda gani. Nikamjibu miaka mingi, Mzee. Tunaanza Alhamisi.